Karai Juu ya Paa, Tenga Uani

Katika Gang Kenanga, uchochoro mwembamba unaoteremka hadi mto Code, hakuna aliyemwelekeza mgeni nyumba ya Pak Tugiyo kwa namba ya mlango. Walisema tu, "Tazama juu. Ukiona karai, umefika."

Na karai lilikuwepo kweli, juu ya vigae, limefungwa kwenye bomba, limeinama kuelekea ng'ambo ya mto kama mtu mwenye sikio zito anayetega umbea wa jirani. Lilikuwa karai la mkewe, Bu Ngatirah, tena si karai la hivi hivi. Mama yake ndiye aliyempa siku ya harusi, na ndani yake alikaanga tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, mpaka gang nzima ikamjua kwa harufu kabla ya kumjua kwa sura.

Ilikuwa hivi. Mwana wao Prasojo alipokuwa bado shuleni, mtandao ulikuwa umefika ng'ambo tu, kwa Pak Darsono, rafiki wa Tugiyo tangu utotoni na mshindani wake tangu siku iliyofuata. Tugiyo alikuwa fundi wa redio. Alisikia kwamba chuma kilichobonyea hukusanya mawimbi vile mkono uliowekwa nyuma ya sikio unavyokusanya sauti. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona karai. Bu Ngatirah alirudi kutoka sokoni na unga wake, akakuta karai limetobolewa katikati, limechomekwa mkebe wa maziwa, na limepanda cheo.

"Umetoboa karai la mama yangu."

"Nimelitia jicho," alisema Tugiyo.

"Ngoja nami nitafute la kulitoa."

Lakini jioni ile mtandao ulivuka mto, Prasojo akafanya kazi yake ya shule, na jirani wa kushoto akaomba kuonja. Halafu wa kulia. Haukupita muda gang yote ilikuwa inakula kutoka karai lile, na Bu Ngatirah ananunua karai jingine huku akiapa kwamba hatasahau. Na hakusahau. Hata faiba, mtandao wa waya, ilipokuja ikaingia moja kwa moja sebuleni, na karai likawa halina kazi tena ila kukaliwa na njiwa, Tugiyo alikataa kulishusha.

"Linapumzika," alisema. "Mstaafu hafukuzwi nyumbani."

Sasa Tugiyo alikuwa na ruta mpya, nyeupe, yenye pembe nne, na alikuwa na ugonjwa mmoja: huwezi kumuuliza swali dogo. Mtu akija kwenye kibanda cha Bu Ngatirah kununua tempe za moto, akasema kwa bahati mbaya, "Pak, mbona chumbani kwangu waifai inakwama?" basi habari yake imekwisha, tempe itampolea mkononi.

"Ruta ina midomo miwili," Tugiyo alikuwa akianza. "Mdomo wa kwanza ni gigahezi mbili nukta nne. Huu ni kama Mama Prasojo akiita watu kula. Unapita ukuta, unapita mlango, unafika mtoni. Lakini ni njia ya zamani, imejaa. Waifai ya jirani imo, Bluetooth imo, hata ile oveni ya maikrowevu ya Darsono ikipasha wali inapiga kelele humohumo. Mdomo wa pili ni gigahezi tano. Huyu ni bwana harusi wa mjini. Mwepesi, msafi, anabeba mengi kwa mkupuo mmoja. Ila mwonyeshe ukuta wa matofali, anakaa chini anaomba maji."

"Na Bluetooth?"

"Mnong'ono wa mume na mke. Hauendi mbali, hauli nguvu, na haumhusu mtu wa tatu."

"Kumbe kwenu mnanong'ona?" Pak Darsono aliuliza, mdomo umejaa tempe. "Mbona sisi ng'ambo tunasikia yote?"

"Huyo ni gigahezi mbili nukta nne," alisema Bu Ngatirah bila kuinua macho kutoka kwenye mafuta, na watu wakacheka mpaka wakashikilia benchi.

Kulikuwa na mengine pia. Kadi ya basi, ile ya kugusisha mlangoni, Tugiyo aliifananisha na kumsalimu mzee kwa kumbusu mkono: lazima ufike, uiname, uguse; ukipunga mkono kutoka ng'ambo ya barabara haihesabiki. Na simu za zamani sana, zile za kutumiana nyimbo kwa mwanga usioonekana, ilibidi uziweke uso kwa uso zisitikisike, kama majogoo wawili wanaotazamana kabla ya pambano. Akipita paka katikati, wimbo umekatika. Waifai yenyewe, alisema, walianza kuiita kwa herufi: ya b, ya g, ya n, kana kwamba aliyezipanga alitoroka shule ya chekechea. Baadaye wakaona aibu wakaanza kuhesabu vizazi. Ya nne, ya tano, ya sita.

"Yako ya kizazi cha ngapi?" Darsono aliuliza.

"Cha sita."

"Yangu cha tano, na wali nakula."

Ndivyo walivyoishi, na pengine ruta ingebaki kuwa kichekesho tu kama si mjukuu.

Mjukuu aliitwa Kinanthi. Baba yake, Prasojo, alikwenda Korea kufanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari wakati mkewe Lestari ana mimba changa. Hakuwa amemshika mwanawe hata mara moja. Alimjua kwa upana wa kioo cha simu: leo jino, kesho shavu lenye uji. Sasa Kinanthi alikuwa amefika lapan yake ya saba, yaani mizunguko saba ya siku thelathini na tano, na mpaka hapo nyayo zake hazikuwahi kugusa ardhi. Ilikuwa zamu ya kumkanyagisha. Angetembezwa juu ya wali wa kunata wa rangi saba, angepandishwa ngazi ya miwa, kisha angeingizwa chini ya tenga la kuku lenye vitu vya kila aina, achague kimoja, na watu wajue atakuja kuwa nani.

"Baba," Prasojo alisema kwenye simu ya Lestari wiki moja kabla, "ngazi nisipoiona si neno. Wali nisipouona si neno. Lakini nataka kuona anachagua nini. Fanyeni saa nne ya huko. Huku ni saa sita, tunakuwa tumetoka kwenda kula. Zaidi ya hapo kengele inalia, na simu zinafungiwa kabatini."

"Utamwona mpaka kope," alisema Tugiyo.

Aliposhusha simu, Bu Ngatirah alikuwa amesimama mlangoni.

"Mtoto hakanyagi ardhi kwa mara ya kwanza mara mbili, Baba Prasojo."

"Najua."

"Nakukumbusha tu. Maana wewe ukiwa na uhakika ndipo mimi ninapopoteza vyombo."

Tugiyo alijiandaa kama mtu anayepokea mfalme. Alisogeza ruta hadi dirisha la nyuma la uani, ili gigahezi tano, bwana harusi yule, asikutane na ukuta hata mmoja. Alizima ule mdomo wa zamani kabisa, usije ukavuta simu kwenye msongamano. Aliazima simu ya Lestari, ambayo kamera yake ilikuwa nzuri kuliko zote nyumbani, akaifunga kwa utepe kwenye kilele cha tenga, kwa ndani, itazame chini kama mwezi. Sauti aliipeleka kwa Bluetooth kwenye kidude cha sikioni kwake, kwa sababu spika za sherehe zingemeza kila neno la Prasojo.

Likabaki jambo la mwanga. Ndani ya tenga kulikuwa na kiza, na uso wa mtoto ulionekana kama kiazi kilichochomwa. Ndipo Tugiyo alipopata wazo. Kibandani kulikuwa na bunda la foili, ile karatasi ya fedha ambayo Bu Ngatirah alifungia tempe za wateja wa mbali. Akalivika tenga lote, kuanzia kilele hadi chini, akaacha kidirisha kimoja kidogo cha kuchungulia upande wa wageni. Lestari akapachika maua ya njano juu yake. Taa ya simu ilipowashwa, ndani kukang'aa kama kioo. Nje, tenga la kuku likawa kuba la kasri.

"Zuri," alikiri Bu Ngatirah. "Zuri mpaka naogopa."

Simu alishaijaribu, lakini kabla ya kulivika foili. Baada ya hapo hakujaribu tena. Kwa nini ajaribu? Mwanga ulikuwa umepatikana.

Siku yenyewe gang ilijaa. Alikuja Mbah Saminten, bibi mwembamba mwenye kauli nzito, ambaye ndiye aliyeongoza mila hiyo kwa kila mtoto wa gang, Tugiyo mwenyewe akiwemo. Alikuja Mbah Wiryo, mzuia mvua, akaketi pembeni na kitezo chake cha ubani na kikombe cha kahawa, akiyakodolea mawingu macho ya onyo. Alikuja Darsono na shati jipya.

Usiku uliotangulia, kila mmoja kwa siri yake, babu na bibi walikuwa wameongeza vitu kwenye mkeka. Kati ya kalamu, kioo, kitabu, noti, bakuli la mpunga na chanuo, palionekana sasa antena ndogo ya ruta na mwiko mdogo wa kugeuzia tempe.

"Hii imetoka wapi?" Mbah Saminten aliuliza, akiinua antena kwa vidole viwili kama anayeinua mkia wa panya.

"Labda imeanguka," alisema Tugiyo.

"Na mwiko nao umeanguka?"

"Nyumba hii vitu vinaanguka sana, Mbah," alisema Bu Ngatirah.

Mbah aliwatazama wote wawili, akaguna, akaviacha.

Saa nne na dakika chache Prasojo aliita. Tenga lilikuwa bado limelazwa ubavu, mdomo wazi kuelekea ruta, na sura yake ikajaa kioo: kofia ya kiwanda, meza ndefu nyuma yake, wenzake wanapunga mikono. Picha ilikuwa safi mno, hata punje ya wali kidevuni ilihesabika. Tugiyo alitamani Darsono aione, akahakikisha ameiona. Kinanthi akakanyaga wali wa rangi, akalia alipofika ya kijani, akafurahia nyekundu. Akapandishwa ngazi ya miwa. Kisha Lestari akamketisha mkekani, na wanaume wawili wakalishusha tenga taratibu juu yake, simu ikiwa imening'inia ndani.

"Sikilizeni," alisema Mbah Saminten. "Mkono wa mtu mzima usiingie humu, wala tenga lisiinuliwe, mpaka mtoto achague. Akichaguliwa na watu, atachaguliwa na watu maisha yake yote."

Sikioni mwa Tugiyo, Prasojo alikuwa akisema, "Baba, namwona, namwona, ana..."

Kimya.

Lestari alilala kifudifudi, akachungulia kidirishani. "Baba, picha imeganda. Amebaki mdomo wazi."

"Nani, mtoto?"

"Baba yake."

Tugiyo alikimbilia dirishani. Taa za ruta zote zilikuwa zinacheka kijani. Akauwasha ule mdomo wa zamani, unaopita kuta, akarudi mbio. Bado. Lestari alitikisa kichwa: simu inazungusha kale kaduara, haipati kitu.

"Mpigie kwa simu nyingine!" mtu alisema.

"Namba yake iko ndani ya simu hiyo," alisema Lestari.

"Hakuna anayeijua kwa kichwa?"

Watu wakatazamana. Nani siku hizi anajua namba ya mtu kwa kichwa? Simu ya Tugiyo ilikuwa imefumuliwa mezani ikisubiri kipuri, ya Bu Ngatirah ilikuwa ya vitufe, na ndani yake mlikuwa na muuza unga na muuza gesi tu. Kifurushi cha intaneti kwenye ile simu ya ndani nacho hakikuwepo, kwa sababu Tugiyo alishatangaza kwamba nyumba ya fundi hainunui vifurushi.

Kikatokea kile kinachotokea kwenye gang yoyote ile kitu kikiharibika: kila mtu akawa mtaalamu. Mmoja alisema ruta ipewe maji, maana imechemka. Mwingine alisema kizazi cha sita huwa hivyo, hakijakomaa. Halafu macho yakaanza, moja moja, kugeukia pembeni kwa Mbah Wiryo na kitezo chake.

"Mbah," alisema Darsono kwa adabu, "isije ikawa umefunga anga lote."

Mbah Wiryo aliweka kikombe chini. "Mimi nazuia mvua. Mtandao sijasomea."

"Lakini vyote si vinapita angani?"

"Na ndege wanapita angani. Umeona nimemzuia nani?"

Watu walicheka, ila Tugiyo hakucheka. Aliona saa ya ukutani, akaona mkewe anamtazama, na mtazamo huo haukuwa wa karai. Ulikuwa wa mama mtu. Huko mbali kijana wao alikuwa ameshika simu iliyoganda, akiipiga na kuipiga, na wenzake wanaanza kukusanya sahani.

Alipiga magoti mbele ya kidirisha ili angalau amwone mtoto. Na hapo, sikioni, kile kidude kikalia: tut, tut, tut. Mlio wa simu ya Lestari inayotafuta mtandao. Akashtuka. Akasogeza kichwa nyuma ya tenga. Kimya. Akakirudisha kidirishani. Tut, tut. Nyuma, kimya. Mbele, tut. Wageni waliona mwenye nyumba akilizunguka tenga kwa magoti, akiingiza kichwa na kukitoa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Amechanganyikiwa," alinong'ona mtu.

"Mama Prasojo," alisema Tugiyo polepole, "mnong'ono unasikika nikiwa mlangoni tu. Simu ni nzima. Haitoki."

Bu Ngatirah alilitazama tenga, kisha akainua macho hadi kwenye paa. "Wewe si ulinitobolea karai kwa sababu chuma kinayarudisha mawimbi kama kioo?"

"Ndiyo."

"Sasa hii uliyomvika mtoto ni nini? Hariri?"

Tugiyo aliigusa foili kwa kidole. Alikuwa amefikiria mwanga tu. Alikuwa amemjengea mjukuu wake karai zima, akalifunika juu yake, na kile kidirisha pekee kilitazama wageni, kimeipa ruta mgongo.

"Mbah," alisema, "nirarue kidogo tu, upande wa nyumba."

"Kurarua ni kuingia. Mkono wa mtu mzima usiingie."

"Kidole."

"Kidole kiko mkononi."

Tugiyo alifikiri. "Na mtoto akirarua mwenyewe?"

Kona ya mdomo wa Mbah Saminten ilitikisika. "Leo ni siku yake. Atafanya apendavyo."

Basi Pak Tugiyo, fundi wa gang nzima, mtu wa kizazi cha sita, alizunguka hadi nyuma ya tenga, akachuchumaa na batiki yake mpya, akaanza kuikwaruza foili kwa kucha kutoka nje. "Kuru, kuru, kuru," aliita. "Kru-kru-kru. Njoo kwa babu, kifaranga." Watu walishika midomo. Darsono alitoa simu arekodi, na hakuna aliyemlaumu. Ndani, Kinanthi aliacha kutafuna kona ya mkeka. Akageuka. Kitu kinachong'aa kilikuwa kinacheza na kukwaruza. Alitambaa kupita kalamu, akaupita mwiko, akaikanyaga antena kwa goti.

"Usimwambie achague nini," alionya Mbah.

"Naita kuku tu, Mbah."

Mkono mnene ukapenya kati ya mianzi, ukaishika foili, ukavuta. Ikachanika kwa sauti ndefu tamu. Akaipenda sauti hiyo. Akavuta tena, kipande kirefu kama ulimi wa ng'ombe, na mwanga wa jua ukaingia, na nyuma ya mwanga, kutoka dirishani, vikaingia vile visivyoonekana.

"Ameingia!" alisema Lestari kutoka kidirishani. "Baba, Prasojo ameingia!"

Kinanthi alikuwa ameketi katikati ya kila kitu ambacho mtu anaweza kuwa duniani, hana habari nacho, foili imejaa ngumi zote mbili na ncha yake iko mdomoni. Akainua uso kuuangalia mwezi uliowaka juu yake, ule wenye kofia ya kiwanda, akacheka kwa meno yake mawili.

"Amechagua," alisema Mbah Saminten. "Inueni."

Tenga lilipoinuliwa na foili kutolewa mdomoni, ugomvi ukaanza papo hapo.

"Karatasi ya kufungia tempe," alisema Bu Ngatirah. "Imetoka kibandani kwangu. Mjukuu wangu ni mtu wa biashara ya chakula, hilo halina mjadala."

"Amefungua njia ya mawimbi," alisema Tugiyo. "Huyo ni fundi."

"Amerarua kazi ya fundi," alisema Darsono. "Huyo ni jirani mwema."

Mbah Wiryo, ambaye hakuwa amesahau, alisema kutoka pembeni kwamba anga lilikuwa wazi muda wote, kama kuna anayetaka kujua.

Lestari alikuwa amemwinua mtoto hadi kwenye simu, pua kwa kioo. Sauti bado ilikuwa sikioni mwa Tugiyo peke yake. Katika pilikapilika zile hakuna aliyekumbuka kuigeuza. Kwa hiyo ni yeye tu aliyesikia. Hakukuwa na maneno. Kulikuwa na pumzi, na kamasi zinazovutwa, na mtu mwingine anauliza kitu kwa lugha ya kule, na mwanawe anajibu kwa kuguna. Kisha kengele, ndefu, ya kiwandani. Halafu pumzi tena, kama mtu asiyetaka kukata.

"Anasema nini?" Bu Ngatirah alimvuta mkono. "Baba Prasojo. Mtoto wangu anasema nini?"

Tugiyo alikishika kile kidude sikioni, kisije kikaanguka.

"Anasema mtandao ni safi kabisa."

Bu Ngatirah alimtazama muda, macho, pua, kidevu.

"Umetumia mdomo upi?"

"Ule wa zamani," alisema Tugiyo. "Unaofika mtoni."

Bu Ngatirah akaitikia kwa kichwa, akajifuta uso na ncha ya kanga yake ya batiki, na kurudi kwenye mafuta yaliyokuwa yameanza kutoa moshi.

"Basi kesho panda paani," alisema akiwa amempa mgongo. "Unishushie karai langu."